Mfupa Uko Hai: Niliyojifunza Katika Chumba cha Plasta

Mifupa ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho ni ya wanyama waliokwisha kufa: wa mbuzi kwenye sinia, wa ng'ombe kwenye bakuli la supu, au ule uliotupwa nje ukapigwa jua mpaka ukawa mweupe. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa mguu wake utaunga, huitikia kwa adabu tu, lakini moyoni anajiuliza kitu kikavu vile kitaungaje. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi katika hospitali za kaskazini mwa Tanzania, kati ya Kilimanjaro na Meru, na naweza kusema sehemu kubwa ya kazi hii ni kumfanya mtu aamini kwamba mfupa wake ni mbichi, una damu, unauma, unakula, na unajibadilisha kila siku anayoishi. Akishaamini, mazoezi atayafanya bila kusukumwa. Asipoamini, atalala amenyoosha mguu akisubiri upone wenyewe, na siku plasta ikitoka goti litakataa kukunja.

Haya yote niliyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani. Kuyajua kwa vidole ni jambo jingine, na vidole vyangu vilifundishwa na watoto wachanga.

Kuna hali tunayoiita mguu kifundo. Mtoto anazaliwa unyayo umegeukia ndani, kisigino kimevutwa juu, na ikiwa ni miguu yote miwili nyayo zinatazamana. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 1,000, wa kiume karibu mara mbili ya wa kike, na kwa nusu yao ni miguu yote miwili. Akina mama wengi hufika wakiwa wamemfunika mtoto kitenge mpaka vidoleni, hata kama ni saa saba mchana na jua linawaka. Nyumbani wameshasikia mengi: mara mama alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito, mara ukoo wao una mkosi. Kwa hiyo kabla sijamgusa mtoto humwambia mama, mbele ya yeyote aliyemsindikiza, kwamba hakuna alichokula wala alichotenda kilicholeta hali hii. Nalisema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mara nyingi anayehitaji kulisikia ni yule aliyekaa pembeni.

Njia tunayotumia ilibuniwa na Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914, akafanya kazi yake Iowa, Marekani. Alipoanza kuishughulikia, katika miaka ya 1940, miguu ya namna hii ilikuwa ikipasuliwa, na wengi waliopasuliwa walikua na miguu migumu, yenye maumivu. Yeye alichunguza jinsi viungo vidogo vya mguu vinavyosogea, akaona kwamba mguu wa mtoto mchanga unaweza kurudishwa kwa mikono, taratibu, wiki baada ya wiki, kila hatua ikishikiliwa na plasta.

Kinachofanyika mikononi ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Mama anamnyonyesha mtoto hapo hapo juu ya meza ili atulie. Gumba langu linatafuta kinundu upande wa nje wa mguu, mbele kidogo ya kifundo. Hicho ni kichwa cha talasi, mfupa unaokaa chini kabisa ya muundi. Gumba linakaa pale, halisogei, na mkono wa pili unauzungusha mguu uliobaki kuelekea nje, ukikizunguka kinundu kile. Kisigino hakishikwi. Ukikishika, au ukibonyeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, mfupa wa kisigino unakwama na mguu haurudi hata ubandike plasta ngapi. Unasukuma mpaka pale mguu unapokataa, unasubiri, na baada ya muda mfupi unahisi umelegea kidogo chini ya kidole. Mwenzako anazungushia pamba, kisha plasta iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa pembe mraba. Unaifinyanga ikiwa bado laini, mpaka igande.

Wiki inayofuata plasta inalowekwa na kutolewa, na mguu unaotoka humo umeshabadilika. Kawaida plasta tano au sita zinatosha. Kisigino ndicho hubaki mwisho, kimevutwa na ile kano nene kuliko zote mwilini, hivyo kwa watoto walio wengi daktari anaikata kwa tundu dogo tu, chini ya ganzi. Plasta ya mwisho inakaa wiki tatu, na ndani ya wiki hizo kano inajiunga upya, ikiwa ndefu zaidi. Mara ya kwanza nilipomwona mtoto aliyekatwa kano akija kliniki anakimbia, nilimgeuza nikashika kisigino chake kutafuta mahali palipokatwa. Sikupaona.

Haya yanawezekana kwa sababu mtoto wa wiki mbili bado hana mifupa kamili mguuni. Ukimpiga eksirei, nyuma ya mifupa mirefu ya unyayo unaona vipande vichache vyeupe vimetengana gizani: talasi, kisigino, na pengine mfupa wa kuboidi. Navikula, mfupa wa upande wa ndani ambao kwa watoto hawa ndio uliohama zaidi, hauonekani kabisa, na utaanza kuwa mfupa mtoto akifika miaka kama mitatu. Haina maana kwamba haupo. Upo, na umbo lake unalo, ila wote ni gegedu, ile tishu inayonyumbuka kama ya sikio, na gegedu changa hukua kufuata mgandamizo linaoupata. Kila wiki tunapobadilisha mkao wa mguu, mgandamizo unahama, na gegedu linajiumba upya kulingana na mkao huo. Mtoto akiletwa akiwa na miaka minane, umbo lililopinda limeshageuka mfupa. Bado anaweza kusaidiwa, lakini safari inakuwa ndefu na mara nyingi inapita chumba cha upasuaji.

Baada ya plasta zinafuata zile buti mbili zilizounganishwa kwa kibao. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu, mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Mguu umenyooka, mtoto analia usiku, jirani anasema mnamtesa kiumbe wa watu bure. Nimejifunza kuzungumza na bibi wa mtoto mapema, maana katika nyumba nyingi za huku bibi akisema viatu vivuliwe, vitavuliwa. Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, mguu umeshanyooka, mnaufunga wa nini tena?" Nikamwomba aubonyeze unyayo wa mjukuu wake kwa kidole. Akabonyeza, akausogeza huku na huku, akahisi ulivyo laini. "Kumbe bado haujaiva," akasema. Akawa yeye ndiye anayevifunga vile viatu kila jioni, na mama mtu hakuwa na la kujitetea.

Hakuna maelezo ya chuoni yaliyowahi kunisaidia kuliko ya bibi yule. Kiunzi chetu chote huanza kikiwa hivyo, bado hakijaiva. Tumboni, mnamo wiki ya sita tangu mimba itungwe, mifupa mingi inakuwa imeshaumbwa kwa gegedu, na kufikia wiki ya nane hivi katikati ya mifupa mirefu gegedu hilo linaanza kujaa madini ya kalsiamu. Seli zake zinavimba na kufa, mishipa ya damu inapenya, na pamoja na damu zinaingia seli zinazojenga mfupa. Ujenzi unaanzia katikati na kuelekea ncha zote mbili. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, na mifupa bapa ya fuvu ina njia yake: hutokea kwenye utando, sehemu kubwa bila kupitia gegedu. Na mtulinga una maajabu yake, kwani ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mfupa mwilini na ndio wa mwisho kumaliza; ncha yake iliyo karibu na kidari hufunga mtu akiwa ameshavuka miaka 20.

Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, na mtu mzima ana mifupa 206. Hakuna kilichopotea, vimeungana tu. Utosi unaopigapiga, ambao wakunga na bibi zetu wameulinda tangu zamani, ni mahali ambapo mifupa ya fuvu haijakutana, na ni nafasi hiyo iliyokiwezesha kichwa kujibana kupita wakati wa kuzaliwa. Ule wa mbele kwa kawaida hufunga kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mfupa wa pia, ule wa mbele ya goti, nao ni gegedu tupu mpaka kati ya miaka mitatu na sita. Mtoto anayetambaa sakafuni anatambaa juu ya gegedu.

Kinachomrefusha mtoto ni ukanda mwembamba wa gegedu uliobaki karibu na ncha za kila mfupa mrefu. Upande mmoja wa ukanda seli zinazaliana, upande wa pili zinajaa madini na kugeuka mfupa, na urefu unaongezeka. Kwa wasichana wengi kanda za miguuni hufunga kwenye miaka 14 hadi 16, kwa wavulana 16 hadi 18 hivi. Ningependa kila mzazi alijue hili, kwa sababu ukanda ule ni dhaifu kuliko mfupa, na mara nyingi ni dhaifu hata kuliko ligamenti zinazokishika kiungo. Mtu mzima akianguka anateguka. Mtoto akianguka vilevile huenda ukanda ndio uliopasuka. Nimemhudumia kijana aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi akiwa darasa la nne. Kifundo kilivimba, akakandwa kwa maji ya moto na mafuta, uvimbe ukaisha, akarudi shuleni. Alipofika kwetu alikuwa kidato cha kwanza na mguu wake umegeukia ndani, kwa sababu upande mmoja wa ukanda ulikuwa umeacha kukua na wa pili ukaendelea. Mama yake alikuwa amefanya kila alichokijua, na alikifanya kwa upendo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kifundo cha mtoto kikivimba baada ya kuanguka, eksirei kwanza, kukanda baadaye.

Swali linaloletwa kwetu kuliko yote ni matege. Wengi wa watoto hao nawarudisha nyumbani na habari njema. Karibu watoto wote wanaoanza kutembea wana matege kidogo, kwa namna walivyokuwa wamekunjwa tumboni. Baada ya miaka miwili miguu hunyooka, kisha kwenye miaka mitatu minne magoti hugongana, na kufikia saba miguu hukaa sawa. Ninaowashika ni wale ambao tege ni la mguu mmoja, au linazidi baada ya miaka miwili, au vifundo vya mikono vimekuwa vinene na mbavu zina vinundu vinavyohisika kwa kidole. Dalili hizo za mwisho, za vifundo na mbavu, ni za ugonjwa wa riketi. Gegedu la ukuaji linazidi kuongezeka lakini halipati madini, linakuwa nene na laini, na mguu unapinda chini ya uzito wa mtoto mwenyewe.

Watu hushangaa: riketi, kwetu, na jua lote hili? Vitamini D kweli tunaitengeneza ngozini kwa jua, ingawa mtoto wa mjini anayeshinda ndani ya nyumba ya kupanga haipati. Lakini kuna jambo la pili. Utafiti uliofanyika Nigeria ulionyesha kwamba watoto wengi wenye riketi kule hawakukosa jua. Walikosa kalsiamu, na walipopewa kalsiamu walipona. Nikiuliza akina mama mtoto anakula nini, nasikia uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, ugali usiku. Maziwa yanauzwa. Huwa nawaambia dagaa wanaoliwa wazima wazima, na mifupa yao, ni dawa iliyopo sokoni. Kwa mtoto mdogo aliyepata matibabu sahihi, miguu mingi hunyooka yenyewe jinsi anavyokua, bila kisu.

Ukija upande wa Meru kuna shida ya namna nyingine, na nadiriki kusema haijapewa uzito unaostahili. Maji ya chemchemi nyingi za huku yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8, baadaye 4, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa shida kupatikana, na kuna vyanzo vinavyovuka hata hapo. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo yanaongeza. Meno ya kahawia ndiyo alama inayoonekana, na mtu wa Maji ya Chai au Ngurdoto hutambulika kwayo akiwa popote. Isiyoonekana ni ya mifupani. Madini ya mfupa huivuta floraidi na kuishika, ikachukua nafasi ndani yake. Kwenye eksirei mfupa unaonekana mweupe mno, mzito, unaweza ukadhani ni imara, kumbe unavunjika kwa urahisi zaidi. Ligamenti za mgongo zinaanza kuwa mfupa. Nimewapokea wazee ambao wakitaka kumtazama aliyekaa kando yao wanageuza mwili mzima, na kuna watoto ambao miguu yao imepinda kwa maji tu waliyokunywa.

Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na mojawapo ya njia zao ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa kuwa chenga, maji yanapitishwa humo, na floraidi inabaki. Kinachofanya kazi ni tabia ile ile ya madini ya mfupa kuivuta floraidi, isipokuwa safari hii inafanyika ndani ya ndoo badala ya ndani ya goti la mtoto. Kila familia yenye mtoto mdogo inayotumia maji yale ingekuwa na chujio hilo, wateja wangu wangepungua, nami ningefurahi.

Wodi ya mifupa yenyewe siku hizi imejaa vijana wa bodaboda. Muundi ndio unaoumia sana, kwa sababu uko karibu na ngozi na ndio unaopokea bampa. Kijana akinitazama kwa wasiwasi namweleza kinachoendelea ndani: damu iliyovuja inaganda kati ya ncha zilizovunjika, katika wiki za kwanza linaota gegedu, gegedu linajaa madini, linageuka mfupa. Mwili unarudia hatua zile zile ulizopitia tumboni mwa mama yake. Baadaye, kwa miezi mingi, kuna seli zinazobomoa na nyingine zinazojenga, zinaunyoosha na kuuchonga ule uvimbe mpaka ufanane na mfupa wa awali. Zinajua pa kuongeza na pa kupunguza kwa kufuata uzito. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaobeba, na tangu hapo ushahidi umerundikana. Wanaanga wanaokaa angani bila kukanyaga chochote hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hao ni watu wenye afya kamili.

Kwa hiyo daktari akisharuhusu kukanyaga, kanyaga. Vijana hawa ni mashujaa barabarani lakini nikisema "weka uzito kidogo" wanatetemeka. Naelewa, maumivu yapo. Huwa nawasimamisha juu ya mizani ya bafuni, mguu mbovu juu ya mizani, mzima pembeni, nawaambia wasukume mpaka isome kilo tano tu. Wakiona sindano imetulia kwenye tano na mguu haujavunjika, kesho yake wenyewe wanataka kumi.

Kuhusu waunga mifupa wa kienyeji nasema kwa heshima, maana wapo wenye mikono yenye ujuzi wa kweli na wagonjwa wanawaamini. Tatizo ni banzi lililofungwa likabana na kuachwa hivyo. Mguu uliovunjika unaendelea kuvimba siku mbili tatu za mwanzo, damu inakosa njia, na nimeona vijana waliokatwa mkono uliokuwa umevunjika mahali pamoja tu. Anayefunga banzi lazima arudi kulitazama jioni hiyo hiyo.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo nawapeleka buchani kabla ya kitu kingine. Mwenye bucha ananiwekea goti la ng'ombe bichi, lisiloguswa na shoka. Ukilipasua kwa kisu taratibu kupitia mfuko mgumu unaolizunguka, kwanza unakutana na ute: una njano hafifu, unateleza, ukiuvuta kati ya vidole viwili unanyumbuka bila kukatika. Hauna wingi wowote. Goti la mtu mwenye afya huwa na ute usiojaza kijiko cha chai. Halafu unaziona ncha za mifupa, nyeupe kwa ubuluu wa mbali, zinang'aa, na ukipitisha kidole hakuna mkwaruzo. Lile ni gegedu ambalo halikugeuka mfupa, tabaka la milimita chache tu, na ndilo linalobeba hatua zote za maisha ya mtu.

Gegedu lile halina mishipa ya damu, wala halina neva. Chakula chake kinatoka kwenye ule ute, na linakipata kwa kubanwa na kuachiwa: ukikanyaga linakamuliwa, ukiinua mguu linafyonza. Kiungo kisichotembezwa kinakaa na njaa, na mfuko unaokizunguka unasinyaa. Bibi zangu wa kliniki ya magoti huniuliza kama supu ya makongoro inaongeza ute. Supu ni chakula kizuri, lakini inapofika tumboni inasagwa kama chakula kingine. Ute unatengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe. Ninachowapa ni kukaa kwenye kiti, kunyoosha goti, kuhesabu mpaka tano, kushusha, na kutembea kila siku hata kama ni mpaka kanisani na kurudi. Paja likipata nguvu, goti linapumua. Wengi hurudi wakisema maumivu yamepungua, ingawa eksirei yao iko vilevile.

Kila kiungo kina mipaka yake na sababu zake. Nyonga ni kichwa cha duara ndani ya kikombe kirefu, hivyo ni imara. Bega lina kikombe kifupi sana, ndiyo maana mkono unafika mgongoni na ndiyo maana bega huchomoka kirahisi. Ukigeuza chapati, mmoja wa mifupa miwili ya kigasha unapanda juu ya mwenzake. Ukigeuza kichwa kusema hapana, karibu nusu ya mgeuko huo unatokea kati ya pingili mbili za juu tu za shingo. Goti ndilo ninalolipenda kuliko yote. Huitwa bawaba, lakini unaponyoosha mguu, kwenye digrii za mwisho kabisa muundi unajizungusha kidogo kwenda nje na goti linajifunga, ndipo mtu anaweza kusimama foleni muda mrefu bila paja kuchoka. Digrii hizo za mwisho ndizo zinazopotea upesi ndani ya plasta, na asiyezirudisha atachechemea. Tunaweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, na mgonjwa anabonyeza goti kuelekea kitandani, tena na tena.

Kukunja nako kuna hesabu zake. Kutembea tambarare kunahitaji goti likunje digrii kama 60, ngazi karibu 90 na zaidi kidogo, kuchuchumaa zaidi ya 120. Vitabu vingi tunavyosomea viliandikwa na watu wanaokaa kwenye viti, na vinaridhika mgonjwa akifika 90. Mzee mmoja aliyevunjika paja alinisikiliza nikimpongeza kwa 95, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nataka nisujudu. Hayo mengine nimekuachia wewe." Tulifanya kazi hadi akasujudu. Siku hizi swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa ni nyumbani anafanya nini: choo ni cha namna gani, anaswali vipi, analima au anauza genge, anapanda daladala au anatembea. Mazoezi yanatokana na majibu hayo.

Kwa anayesoma haya akiwa na plasta mguuni sasa hivi: chezesha vidole kila unapokumbuka, mchana kutwa. Kaza misuli ya paja, hesabu mpaka tano, achia, hata kama goti liko ndani ya plasta na haliendi popote. Nyonga iliyo huru iinue na uishushe. Uinue mguu juu ya mto unapokaa. Na ukiona vidole vinabadilika rangi, vina baridi au ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua hasa unapovinyoosha, usisubiri tarehe ya kliniki wala kukuche. Rudi hospitali usiku huo huo, uwaambie waipasue plasta.